Maziwa Yaliyotazamwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vyungu vyao mekoni, Nyati alijifungua ndama. Alikwisha kuzika wawili. Huyu wa tatu alimpaka masizi ya chungu kwenye paji la uso, akamfunga uzi mweusi mguuni, akamwita Jalala ili asitamaniwe na mtu. Simlaumu kwa hilo. Mama aliyezika ana haki ya kuogopa.

Jirani yake Pundamilia ndiye aliyemhudumia siku za uzazi. Alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akambeba Jalala mchana kutwa. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Siku moja alimwinua ndama, akacheka: "Loo, mtoto mzito huyu!" Akasahau kusema mashallah.

Nguchiro alikuwa akipita nje, akasikia. Huyo ni mdogo wa mwili, lakini hila zake zingejaza ghala. Alingoja Pundamilia aende zake, kisha akabisha hodi, mkoba wa dawa begani.

"Mama, maziwa yako yametazamwa," alisema kwa sauti ya huruma.

Nyati aliuliza yametazamwa vipi. Nguchiro akaeleza kwamba mgumba akimsifu mtoto bila kumtaja Mungu, jicho huangukia kwenye maziwa, na mtoto akiyanyonya hukauka. Dawa ni kuyakamua yote kwenye kibuyu na kuyaweka nyuma ya nyumba, yeye angeyazika. Ndama angenyweshwa maji ya mizizi mpaka arobaini iishe. Malipo hakutaka hata kidogo.

Nyati alikamua. Churuu, churuu, kibuyu kikajaa. Nguchiro akakibeba hadi kwake, akaketi na wanawe wanne, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Jalala akaanza kukonda. Nyati alipolalamika, Nguchiro alitikisa kichwa, akasema jicho lenyewe ni kali kuliko alivyodhani. Basi Nyati akazidi kukamua. Akampaka Jalala masizi mwili mzima, akafunga mlango, na majirani waliokuja kumjulia hali aliwarudisha kutoka kizingitini. Mtoto alivyozidi kukonda, ndivyo Nyati alivyozidi kuwachukia.

Siku ya thelathini Pundamilia alikuja. Alikuwa amewaona watoto wa Nguchiro wamenona, ndevu nyeupe kwa maziwa, na palepale akaelewa.

"Shoga, mpe mwanao titi," alisema mlangoni. "Maziwa yako anayanywa Nguchiro na wanawe."

"Wewe tasa ndiye wa kunifundisha kulea?" Nyati alimjibu. "Ondoa jicho lako nyumbani kwangu."

Pundamilia alisukuma mlango ili amwone mtoto. Nyati akapiga pembe, pu! Ikampata jichoni. Pundamilia alirudi kwake damu ikimchuruzika.

Arobaini ikafika. Nyati alichemsha maji, akamwogesha Jalala ili amtoe nje. Masizi yalitiririka sakafuni, na chini yake hapakuwa na kitu ila ngozi na mifupa. Alikimbia kumwita Nguchiro. Alikuta mlango wazi, nyumba tupu, na kibuyu chake kimeachwa mekoni, kimelambwa mpaka ndani.

Alirudi mbio, akampa mwanawe titi. Jalala hakuwa tena na nguvu ya kunyonya.

Msibani majirani hawakuja, maana walikwisha kufukuzwa. Alikuja mmoja tu, jicho moja limefungwa kitambaa. Pundamilia aliteleka maji, akamwosha Jalala kwa mikono ileile iliyombeba.

"Nisamehe, shoga," Nyati alilia. "Nilikuona adui."

Pundamilia alimaliza kumkausha mtoto kwanza.

"Mimi nimekuja kumzika Jalala," alisema. "Hilo lingine usiniulize leo."

Wakamzika wawili peke yao. Nguchiro naye, wanangu, msidhani alipatwa na lolote. Wakati huo alikuwa kijiji cha pili, mkoba begani, anabisha hodi kwa mzazi mwingine.

Afukuzaye macho ya majirani hubaki na jicho la mwizi.