Jalada la Ng'ombe wa Nyamizi

Tajiri Lugendo, mtu asiyeshiba, aliswaga ng'ombe watatu wa mjane Nyamizi akawatia zizini mwake. Nyamizi akaenda mahakamani. Mara kumi na moja karani Msabaha alisimama akasema, "Mheshimiwa, jalada la kesi halionekani," na mara kumi na moja kesi ikaahirishwa. Lugendo akarudi nyumbani kunywa maziwa.

Mara ya kumi na mbili Nyamizi alimwahi karani kusimama. "Mheshimiwa, nimechoka. Naomba niifute kesi hii leo."

"Ombi lako lazima liandikwe kwenye jalada, mama," alisema hakimu, "nalo halionekani."

Lugendo akamkonyeza karani.

"Ngoja nikalitafute tena!" alidakia Msabaha. Hakimu hajamaliza hata kufuta miwani, karani akarudi na jalada, halina vumbi hata chembe.

"Asante, mwanangu," alisema Nyamizi. "Mheshimiwa, sifuti tena. Mashahidi wangu watano wako hapo nje. Tuanze."

Lugendo aliruka kitini. "Mimi sikuleta shahidi hata mmoja! Nilijua jalada halitaonekana!"

Hakimu alivaa miwani yake taratibu.

"Ulijuaje?"