Chumvi Chini ya Kawa

Apeni kwanza. Mkono kifuani: haya nisemayo hayavuki kizingiti. Mmeapa? Haya. Mimi sikuapa, na tangu asubuhi nimeshawasimulia wa kisimani na wa sokoni.

Hapo zamani, katika kijiji cha wakwezi, alikuwapo Mzee Mkadamu. Mvi kichwa kizima, na bado akiparamia mnazi kama kima! Watu wakisimama chini, midomo wazi. Kumbe ndani presha inamla kimya kimya, bila homa, bila kidonda. Siku moja akaamka mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto haushiki hata kikombe. Subhanallah! Mwili ule ule!

Tabibu wa zahanati akasema, "Chumvi basi. Kiharusi hiki kikirudi, mtashona sanda."

Mkewe, Bi Mashavu, akapika bila chumvi. Lakini ulimi wa uzeeni nao una maajabu yake: hulala kabla ya mwenyewe. Mzee akionja, akitema. "Mke wangu, hii mboga au nyasi?" Akakonda, akabaki mifupa.

Ghafla akaanza kula. Akala, akasafisha sahani, akarudi mwili. Na presha ikapanda! Tabibu akitazama kipimo, akikitikisa, akitazama tena. Kijiji kikapigwa na bumbuwazi: chakula hakina chumvi, presha yatoka wapi? Wengine wakasema ni jini.

Sasa, kwao mke hupika, na dada mkubwa wa mume ndiye hupeleka sinia. Sinia likishafunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, mke halifunui tena. Kulifunua ni kumwita wifi yake mchawi. Bi Mashavu alishaingiwa na shaka. Akanyamaza.

Siku ya maulidi ya nyumbani, uani pamejaa watu, tabibu pia yupo. Dada wa mzee, Bi Mwanamkuu, akapita na sinia. Kwenye upenu akalitua, akapenyeza mkono chini ya kawa. Bi Mashavu uvumilivu ukamwisha. Akaivuta kawa!

Lo! Mkono wa wifi juu ya bakuli la mchuzi, kiganja kimejaa chumvi.

"Wifi! Wamuua kaka yako!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyekuwa ukimuua kwa njaa! Mimi nimemrudishia nyama mwilini. Na kama ulishuku, mbona ulinyamaza?"

"Ningefunua, ungeniita nani mbele ya ukoo wenu?"

Mzee akasema kwa mdomo wake uliopinda, "Mwacheni dada yangu. Nilijua tangu tonge la kwanza. Nikasema, heri nife nimeshiba."

Tabibu akampima pale pale. Akaagiza kitanda cha kumbebea.

Wote wakageuka kumtazama Bi Mwanamkuu, na chumvi bado inamdondoka vidoleni.

Dada aliyetia, mke aliyenyamaza, mzee aliyekula akijua. Je, wasikilizaji wangu, mzee huyu asipoamka kesho, damu yake i juu ya nani?