Jumbe Aliyelambwa Ukutani

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa bustani, na mbuzi yumo ndani!*

Mbona hamumfukuzi?

*Mwenyewe ni mkubwa!*

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, tusije tukakufunga kamba.

Hapo kale, katika kijiji cha Kichangani, kila nyumba ilikuwa na bustani nyuma ya jiko. Huyu kapanda manjano, yule mchicha, yule bamia. Jumbe wao, Mwinyigogo, mtu wa tumbo kubwa na aibu ndogo, hakupanda kitu. Alifuga mbuzi, akawaachia.

Mbuzi wakala manjano. Watu wakaenda kulalamika. Jumbe akasema, "Mbuzi hajui mpaka."

Mbuzi wakala mchicha. Watu wakaenda tena. "Mbuzi hajui mpaka."

Mbuzi wakala bamia za Bi Mwanamvua, mjane aliyeishi kwa bamia hizo. Akaenda analia. Jumbe akasema nini?

*Mbuzi hajui mpaka!*

Naam. Tena akapiga mbweu.

Basi palikuwa na binti mchoraji, Somoe. Alitwanga majani, maua na mizizi, akapata rangi. Akawaambia jirani zake, "Nileteeni chochote mbuzi walichobakiza. Nitawachora kwenye ukuta wa ghala, kila mtu na bustani yake."

Wakaleta. Akamchora Bi Mwanamvua kainama na jembe, kanga kiunoni. Bibi akaja kutazama.

"We Somoe! Makalio yangu ndiyo makubwa hivi?"

"Nimeyapunguza, bibi. Ukuta haukutosha."

Jumbe akasikia vicheko, akaja mbio.

"Mbona mimi simo?"

"Hawa nimewachora kwa walichopanda, Jumbe. Wewe umepanda nini?"

"Nimepanda cheo! Nichore, tena mkubwa kuliko wote. Na jembe unipe."

Somoe akainamisha kichwa. "Nimesikia."

Akatwanga matembele mabichi. Akakoroga na uji mzito wa mahindi. Akatia konzi ya chumvi, akatia ya pili, akatia ya tatu.

Bi Mwanamvua akamnong'oneza, "Chumvi ya nini, mwanangu?"

"Mtu mkubwa asikose ladha, bibi."

Picha ilipokuwa tayari, Jumbe alikuja na wake zake na ngoma. Akajiona ukutani: kijani, mnono, jembe begani. Akatabasamu hadi magego yakaonekana.

Mbuzi nao wakaja. Wa kwanza akanusa, akalamba jembe, likaisha. Wa pili akalamba kilemba, kikaisha. Wa tatu, niwieni radhi wakwe mliopo, alianzia chini ya kitovu.

Jumbe akavua kiatu. "Shii! Tokeni! Nani kawaachia mbuzi hawa wakaharibu kazi ya watu?"



Bi Mwanamvua akasema, "Ni wako, Jumbe. Ila leo wamekula kwako."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani! Jumbe akapitisha kidole ukutani, akakionja, akamgeukia Somoe, kiatu juu. "Umenitia chumvi, mshenzi wewe!"

Somoe akajibu, "Ulitaka uwe mkubwa kuliko wote. Ningekukuzaje bila kutia chumvi?"

Mke mkubwa wa Jumbe ndiye aliyeanza kucheka. Wapiga ngoma wakafuata, kijiji kizima kikaanguka chini. Utampigaje mtu mbele ya kicheko kama kile? Jumbe akashusha mkono, akarudi kwake.

Asubuhi watu wakasikia nyundo: anajenga zizi. Mbuzi wakafungwa, bustani zikachipua.

Kisha Jumbe akaja, sauti chini, kuomba achorwe upya. Bi Mwanamvua akamtilia mbegu za bamia kiganjani. "Panda kwanza, baba."

Akapanda. Akamwagilia mwenyewe, akaumwa mgongo, akapata bamia tatu zilizopinda. Somoe akamchora pembeni, mdogo, kazishika. Jumbe akasimama mbele ya picha, hakuulizia kilemba wala jembe. Alinyoosha kidole tu, akamwambia kila aliyepita, "Ziangalie bamia zangu."

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, tieni sukari wenyewe!