Mishumaa Mia Sita na Arobaini

Wahenga walipotuonya kwamba mtaka yote hukosa yote, wengi wetu tulidhani wanamsema mlafi wa mali. Lakini iko tamaa nyingine inayovaa joho la uangalifu: tamaa ya kujua kila kitu mpaka shaka ya mwisho iishe. Nayo huangamiza vilevile.

Katika karakana moja ya mishumaa alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Bibi Takriban. Alirudi darasani, masomo ya jioni, akiwa na miaka arobaini na minne. Alijifunza takwimu, na tangu hapo hakutaja hesabu bila kutanguliza neno "takriban". Wifi yake, aliyekata tambi za mishumaa meza ya jirani, hakumwacha apumue. "Wifi, na watoto wako ni takriban wangapi?"

Jumatatu hiyo mzaha ulikuwa mdogo. Hospitali ya wazazi iliyokatikiwa umeme mara kwa mara ilikuwa imeagiza mishumaa elfu tatu, ichukuliwe Alhamisi asubuhi. Muuguzi mkuu aliuliza jambo moja tu: kwa wastani, mshumaa unawaka muda gani? Nta ilikuwa imekwisha, na stoo ilikuwa na mishumaa elfu tatu na mia mbili, basi. Agizo hilo likiponyoka, karakana ingefungwa na wanawake kumi na wawili wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Bibi Takriban aliomba dua fupi, kama alivyofanya kabla ya kila mtihani. Kisha akapiga kura kwa vikaratasi ndani ya kopo, ili kila mshumaa katika kila sanduku uwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Arobaini iliyoangukiwa na kura ikawashwa asubuhi juu ya meza ya bati. Akakaa nayo kutwa kama mlezi wa wagonjwa, macho yakimwasha kwa moshi, akiandika dakika ambayo kila mmoja ulizimika.

"Bosi," alisema alipomaliza, "wastani wa hii arobaini ni saa saba na dakika arobaini. Wa mishumaa yote nakadiria hivyohivyo, ila tuache dakika kumi na mbili huku na kumi na mbili kule."

"Una hakika?"

"Jaribio hili likirudiwa mara mia, takriban mara tisini na tano mipaka yetu itauzingira wastani wa kweli."

"Na hizo tano?"

"Zitaukosa."

Bosi alitikisa kichwa. "Mama, siwezi kumwambia mteja 'kati ya hapa na pale'. Mwanamume akiulizwa ana wake wangapi, atajibu kati ya mmoja na watatu?"

"Wapo, bosi," wifi alidakia, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Bosi hakucheka. "Choma zaidi."

"Ili kumi na mbili ziwe sita, lazima tuchome mara nne. Jumla mia na sitini."

"Basi choma."

Jumanne ikateketea mia na ishirini mingine. Zikabaki dakika sita. "Bado sita!" bosi alisema, kama mtu aliyeona doa kwenye shati jeupe. Kuzifanya tatu kulihitaji jumla ya mishumaa mia sita na arobaini, na akiba ilikuwa mia mbili tu.

Bibi Takriban alilijua hilo. Neno lilimfika kooni. Akawaza: mimi ni nani, mwanafunzi wa juzi, nimfundishe mwenye karakana? Akamwomba Mungu ujasiri. Mungu akampa, naye akaushika mkononi kama barua asiyothubutu kuifungua.

"Bosi, agizo litapungua," alisema kwa sauti ya chini.

"Wakipewa ukweli kamili hawatajali upungufu kidogo. Washa!"

Akawasha. Jumatano nzima meza zote za bati ziliwaka kama msitu uliopatwa na moto.

"Wifi yangu," wifi alisema polepole, "umesoma mpaka umejua kuunguza vitu kwa hesabu." Hakuna aliyecheka.

Alhamisi muuguzi mkuu alifika na lori. Bosi akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Saa saba na dakika arobaini na moja! Tukikosea, ni dakika tatu tu!"

Muuguzi alisoma, kisha akahesabu masanduku. "Hapa ipo elfu mbili mia tano na sitini. Mingine iko wapi?"

"Tuliichoma, ili tujue."

Akamgeukia Bibi Takriban. "Arobaini ya kwanza ilisemaje, dada?"

"Ilisema wastani hauko chini ya saa saba na dakika ishirini na nane."

"Mimi nilitaka kujua kama unapita saa saba, maana jenereta yetu hupumzishwa kwa muda huo. Jibu hilo lingenitosha tangu Jumatatu. Ulijua mnakula agizo langu?"

"Nilijua."

"Ukawasha."

"Nikawasha."

Muuguzi alishusha pumzi. "Wodi zangu ni nyingi. Tulikubaliana elfu tatu, na karakana nyingine inayo yote."

Lori likaondoka tupu. Wanawake wakaanza kufungua aproni zao mmojammoja, wifi akiwa wa kwanza, bila utani. Bosi alibaki amesimama na karatasi yake, yenye hesabu sahihi kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika karakana ile, na hakuna mtu wa kumsomea. Ama kweli, mtaka yote hukosa yote.