Bodi Iliyoifundisha Mashine

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Maana yake, maumivu tunayomtakia mwenzetu hatuijui ladha yake mpaka yatuguse wenyewe. Wakubwa wa kazi ndio walimu wa jambo hilo, ila hata wadogo wamo.

Katika kiwanda kimoja cha bodi za saketi, vile vibao vya njia za umeme vinavyokaa ndani ya redio na simu, palikuwa na mpimaji aliyeitwa Mzee Sindano. Kazi yake ilikuwa kugusa kwa sindano mbili kila njia ya shaba kwenye bodi tupu, kabla haijapachikwa kifaa chochote, ahakikishe umeme unapita panapotakiwa na haupiti pasipotakiwa. Aliifanya miaka kumi na tisa. Macho yakachoka, na mkewe akafa yeye akiwa zamu, maana meneja alimnyima ruhusa.

Ilipokuja mashine mpya, inayopima yenyewe kwa sindano zinazoruka kama cherehani iliyopandwa na wazimu, meneja hakumpa yeye. Alimpa shemeji wa Sindano, mdogo wa marehemu mkewe, ambaye Sindano mwenyewe ndiye aliyemwingiza kiwandani. Wivu ukamkaa Sindano kama mwiba wa samaki kooni. Shemeji akisifiwa, yeye hukohoa. Shemeji alipopewa koti jeupe, yeye alisema sasa wamepata muuza nyama.

Siku moja ikaja oda ya haraka, mchoro wa mteja haujafika. Bila mchoro, mashine haijui lipi sawa na lipi kosa; huonyeshwa bodi moja nzima, na nyingine zote huzilinganisha na hiyo. Meneja, ambaye haraka yake hulipwa na wengine, akakataa kusubiri. Shemeji akamfuata Sindano, akamwomba kwa adabu amchagulie bodi, kwa kuwa hakuna jicho kama lake.

Sindano akapekua. Akaona moja ambayo njia zake mbili zimegusana kwa uzi mwembamba wa shaba. Akampa hiyohiyo.

“Hii safi, shem,” alisema. “Ifundishe.”

Mashine ikafundishika. Kila bodi njema iliyofuata, kwa kuwa njia zile hazikugusana, ikahesabiwa kuwa imekatika. Taa nyekundu, nyekundu, nyekundu, bodi mia tatu. Sindano akapiga mluzi mezani pake, jambo ambalo hakulifanya tangu awe mgane.

Lakini meneja huiamini mashine kuliko mtu. Hakuinua hata bodi moja kuitazama. Alisema dawa inayochonga njia za bodi imeila shaba kupita kiasi, na chumba cha dawa siku hiyo kilisimamiwa na binti wa Sindano, mtoto wake wa pekee. Binti akaitwa ofisini, akaambiwa avue glavu aende kwao.

Habari ilipomfikia Sindano, mluzi ulimkatikia mdomoni. Alikimbilia ofisini, akamkuta binti analia na shemeji anamsihi meneja amfukuze yeye, amwache mtoto wa dada yake. Hapo Sindano akasema yote, tangu ule uzi wa shaba.

Meneja akamfuta kazi papo hapo. Binti akarudishiwa glavu bila neno la radhi. Wakubwa hawakuumbiwa kinywa cha kazi hiyo. Shemeji aliinamisha kichwa. Binti ndiye aliyemkazia baba yake macho.

“Baba,” aliuliza, “angefukuzwa mjomba, ungesema?”

 Sindano akashika njia ya getini peke yake, mkuki aliourusha kwa raha ukimchoma ubavuni, akajua kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.