Kwale na Kete za Tope

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa gani hiyo, kama mnaomba radhi? Paukwa!"

"PAKAWA!"

Haya, sogeeni. Leo nilisema kila ukuni mmoja, karanga moja. Mbonea kaleta kuni ishirini na nane. Nimeziona. Tutazizungumza baadaye.

Hapo zamani za kale, Fisi alipokuwa bado hajaanza kucheka ovyo, palikuwa na Kwale, mama wa vifaranga sita. Wa mwisho aliitwa Kitinda, na miguu yake ilikuwa mifupi kuliko ya wenzake wote. Walikunywa maji kwenye chemchemi moja pamoja na wanyama wote wa bonde lile. Mwaka ule tope likaziba jicho la chemchemi. Maji mengine yalikuwa mtoni, mwendo wa siku mbili, na mwewe njia nzima. Kwale aliitazama miguu ya Kitinda, akajua huyu hafiki.

Nyati akapiga baragumu. "Msaragambo, kazi ya wote! Kila mmoja na kikapu chake, tukazoe tope!"

Nyani akasema mgongo unamuuma. Ngiri akasema kikapu chake kimeazimwa. Fisi akasema ana msiba.

"Msiba wa nani?" Kwale akauliza.

"Bado sijajua," akajibu Fisi.

Aliyekuja ni Kobe peke yake. Na Kobe mnaujua mwendo wake.

Kwale akawaza. Hawa wenzangu wakicheza bao hawasikii njaa wala hawasikii wakiitwa. Basi akachimba vishimo ukingoni, kila mnyama na kishimo chake, akaleta kete. "Kikapu kimoja cha tope, kete moja kishimoni," akasema. "Mwenye kete nyingi ndiye bingwa." Kisha akaimba:

"Tope toka, kete ingia!"

Itikieni basi, au mmekuja kuota moto tu?

"Tope toka, kete ingia!"

Weee! Mgongo wa Nyani ukapona. Kikapu cha Ngiri kikarudi. Fisi akatoka msibani kabla marehemu hajapatikana. Jioni jicho la maji likafumbuka. Kitinda akanywa, akapiga chafya, na Kwale akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya pili Nyani alikuwa na kete ishirini. Kwale akang'oa unyoya wake mmoja, akamchomeka kichwani. Bingwa wa Tope! Ngiri hakulala kwa wivu. Alfajiri akaja na kikapu kipya, kidogo kama kifuu. Kifuu kimoja, kete moja. Nyani akaona, naye akaleta ganda la karanga.

"Si haki, Bibi!"

Si haki, Nakiete, lakini ni kikapu. Kwale aliona, akatia kete tu. Kazi si inaendelea?

"Tope toka, kete ingia!"

Siku ya tatu tope likaisha. Maji yakabaki meupe, na wanyama wakasimama na vikapu vitupu, wamenuna. Fisi akaondoka bila kuaga. Akarudi kutoka bondeni, kule walikotupa tope, na mzigo mgongoni, akaumwaga chemchemini. Chubwi!

"Unafanya nini?" Kwale akauliza.

"Natafuta kazi," akajibu Fisi. Akalizoa tope lake, akadai kete.

Wenzake wakaona ana akili. Wakakimbilia bondeni wote. Huyu anamwaga, huyu anazoa, huyu anamwaga. Wanaomwaga wakawa wengi kuliko wanaozoa, na kufika adhuhuri jicho la maji likafumba kabisa. Vishimo vilikuwa vimejaa kete pomoni.

"Mama, kiu," Kitinda akasema. Akakaa chini. Akashindwa kuinuka.

Kwale akakimbia kuwatafuta Nyati na Nyani, wote wako bondeni wanapakia. Akamkuta Kobe tu, na kishimo cha Kobe hakina hata kete moja.

"Kobe, kete zako ziko wapi?"

"Mimi nilifuata maji," Kobe akasema.

Hapo Kwale akashika kichwa. "Ole wangu! Nimelipa tope, nimeletewa tope. Kosa ni langu."

Akavifukia vishimo vyote, akabakiza kimoja. Akatumbukiza kijiwe cheupe chemchemini. Walipofika na mizigo yao akawaambia, "Sihesabu vikapu tena. Siku kijiwe kile kitakapoonekana kutoka hapa ukingoni, nitatia kete moja. Ni ya wote. Atakayemwaga tope anatunyima sote."

"Sasa bingwa nani?" Nyani akauliza.

"Mwenye kiu. Huyo hapo amelala."

Wakamtazama Kitinda. Nyani akauvua unyoya kichwani, akachukua kikapu kikubwa. Ngiri akamfuata. Fisi akakumbuka msiba, lakini macho yote yalikuwa juu yake, akainama akazoa. Kabla jua halijatua, kijiwe kikaonekana. Kwale akamchotea Kitinda maji kwa mdomo, tone kwa tone, mpaka akapiga chafya.

Kete ikaingia, moja tu. Tangu siku ile, anayefika chemchemini hutazama kijiwe kwanza, ndipo anywe. Fisi bado anauliza kete moja inagawanywaje.

Basi wanangu, ukihesabu tope utaletewa tope. Hesabu maji.

Na wewe Mbonea, zile kuni ulizivunjavunja kwa goti. Usinitazame hivyo, kosa ni la bibi yako aliyehesabu. Kesho sihesabu kuni. Nitatazama chungu. Kikichemka, karanga kwa wote. Kisipochemka, tutalala njaa sote, na mimi nikiwemo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mbonea, chochea moto.