Neno la Mzee Semboja

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ambapo simu za kugusa zilikuwa zimeshafika, palikuwa na ghala la mkonge lisilo na mkonge. Shamba lilikufa, wenye shamba wakaondoka, ghala likabaki na popo wake. Watu wa mji ule wakalifagia wakaligeuza Nyumba ya Sauti.

Mtu akiwa na neno la kuwaachia watu wake, anakwenda ghalani, anaingia chumba kidogo, anafunga mlango, anasema. Desturi ilikuwa moja: hakuna anayesikiliza ila yule aliyetajwa. Fundi hasikilizi. Mke hasikilizi. Aliyetajwa anapelekewa ujumbe kwenye simu, anabonyeza, anasikia.

Sauti zilikaa kwenye mashine tatu, na mafundi waliziita Kulwa, Doto na Shija, kama pacha na mtoto anayewafuatia. Zilikuwa mashine za kuokoteza, hazikufanana hata rangi. Akili haikuwa kwenye mashine. Akili ilikuwa kwenye programu iliyozisimamia, nayo, kwa kuwa lile ni ghala la mkonge, wakaiita Mnyapara. Mnyapara ndiye aliyepanga hii ikae wapi na ile inakiliwe wapi. Neno likiingia kwa mmoja, wawili wanapewa nakala, ili akifa mmoja neno lisife naye.

Na nyumba ilikuwa na njia mbili za waya, kama nyumba yoyote yenye heshima. Njia ya mbele ni ya wageni: sauti inaingilia huko, msikilizaji anaipata huko. Njia ya uani ni ya ndugu watatu peke yao, wanapeana nakala na kujuliana hali. Mgeni hapiti uani.

Mafundi nao walikuwa watatu. Kihiyo alipanga sheria za Mnyapara. Mwanahawa alitandaza njia. Mbwambo alitunza mashine. Wote watu wema. Nasema mapema, usije ukapoteza muda wako kumtafuta mwovu. Hayumo.

Sasa sikiliza jinsi wema watatu walivyoua neno moja.

Mwanzo, Mnyapara hakusema "imepokelewa" mpaka ndugu wote watatu wawe na nakala. Wazee wakawa wanakaa kwenye kiti cha mbao wakingoja jibu, migongo inawauma. Bibi mmoja akamwambia Kihiyo, "Mwanangu, nitafia hapa kabla chombo chako hakijaniitikia." Kihiyo akaona haya. Akabadilisha sheria: akipokea ndugu mmoja, jibu litoke, mzee aende zake, wawili watapata nakala baadaye kwa njia ya uani. Wazee wakamwombea dua.

Ikatokea msiba nyumba ya jirani. Watoto wa marehemu walikuwa nchi za mbali, wakataka wayaone mazishi ya mama yao kwa video. Jirani akaja ghalani kuomba kifaa cha kujiunganishia kwenye mtandao wa ghala. Na kwenye msiba haombwi mtu akakataa. Unaombwa sufuria unatoa sufuria, unaombwa jamvi unatoa jamvi. Mwanahawa akachomoa kifaa cha njia ya uani, akampa. Ndugu watatu akawapitisha kwa muda njia ya mbele, pamoja na wageni. Akasema, "Kwa leo tu." Kisha akajifunga kanga, akaenda msibani kupika na wenzake. Hakumwambia mtu. Nani anatangaza alichotoa msibani?

Asubuhi hiyohiyo akaja Mzee Semboja, anakohoa, anatembea kwa kushika ukuta. Mji wote ulijua habari zake. Binti yake Mwajabu aliolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, na baba akamwambia mbele ya watu, "Hata nikifa usinizike." Tangu hapo hawakuonana. Mzee akaingia chumbani, akafunga mlango. Akakaa sana humo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mbwambo akamuuliza, "Umemaliza, mzee?" Akajibu, "Nimemaliza. Atasikia mwenyewe." Mnyapara akatoa jibu: imepokelewa. Mzee akarudi nyumbani.

Shija ndiye aliyepokea. Kulwa na Doto walikuwa bado hawajapata nakala, maana njia ya mbele ilishajaa video ya mazishi, kila mtu anaangalia, nakala imekwama kama ng'ombe sokoni.

Mchana taa ya Shija ikawaka nyekundu. Haikuwa na ugonjwa; ni kwamba, kwa msongamano ule, ndugu zake hawakuisikia. Sheria ya nyumba ilisema: mashine isiyosikika, ifute, ndugu zake wataijaza upya. Mbwambo alishafanya hivyo mara nyingi na halijapotea hata neno. Alitaka kumuuliza Mwanahawa kama njia ni nzima. Lakini Mwanahawa yuko jikoni msibani, na mwanamke hatolewi msibani kwa habari za waya. Mbwambo akaifuta Shija. Kulwa na Doto wakaijaza yote waliyokuwa nayo. La Mzee Semboja hawakuwa nalo, na huwezi kumpa mwenzio usichopewa.

Wiki ile Mzee Semboja akafa.

Mwajabu hakuzika. Alikatazwa, akatii. Matanga yalipokwisha alikuja ghalani na simu mkononi.

"Ujumbe wenu unasema baba ameniachia neno," akasema. "Nabonyeza, hakuna kitu. Nimekuja nilisikie hapahapa. Likiwa laana nijue ni laana. Likiwa radhi nijue nina radhi. Sitaki lingine."

Mafundi wakatazamana. Kihiyo akamweleza yote, hakuficha. Mwajabu akakaa kwenye kile kiti cha mbao.

"Nani amelipoteza?"

Kihiyo akasema, "Sheria yangu ilitoa jibu mapema, kweli. Lakini njia ya uani ingekuwepo, nakala ingefika kabla mzee hajavuka barabara."

Mwanahawa akasema, "Nilitoa kifaa msibani, na kesho nikiombwa nitatoa. Njia ilikwenda polepole, haikukatika. Neno lilikuwa zima ndani ya Shija, linangoja. Aliyelifuta ni huyu. Mpare wewe, hata swali unabana?"

"Utani wako uweke," Mbwambo akasema. "Ningekuuliza wapi, kwenye sufuria la pilau? Mimi nimefuata sheria iliyoandikwa na Kihiyo. Na Mnyapara alishasema limepokelewa. Nyumba inasema imepokea, mimi nani nibishe?"

"Limepokelewa na mmoja," Kihiyo akasema.

"Hukutuambia mmoja. Ulisema limepokelewa."



Mwanahawa akataka kumaliza maneno, akayaharibu. "Na mzee naye, dada, alikuwa na mdomo. Si angekupigia?"

"Baba yangu hakuweza kusema neno laini mbele ya mtu," Mwajabu akasema. "Ndiyo maana alikuja kwa mashine."

Mwanahawa akainamisha kichwa.

Mwajabu akasimama. "Nisikilizeni. Hasira yangu ni moja, siwezi kuigawa mafungu kama nyama ya sadaka. Kesho nakwenda kaburini. Nataka mtu mmoja asimame pale amwambie: Mzee, ulinikabidhi neno, nimelipoteza, niwie radhi. Mmoja tu. Mkienda watatu, kila mmoja atakuwa anamwangalia mwenzake."

Popo wakasikika darini.

Kisha Mbwambo akasema kwa sauti ndogo, "Mkono uliofuta ni wangu. Nitakwenda."

Kihiyo akasema, "Kaa. Mzee aliondoka kwa kuamini jibu langu. Angejua halijafika kwa wote, angengoja. Ni mimi."

Mwanahawa alikuwa ameshafika mlangoni na viatu mkononi. "Njia ilikuwa yangu, niliiondoa bila kusema. Nyie mngejuaje?"

Waliokuwa wakisukumiana lawama sasa wakawa wanainyang'anyana. Mwajabu akawatazama, akatazama simu yake.

"Ujumbe ulinifikia nachambua mchele," akasema. "Asubuhi ileile. Shija yenu ilikuwa bado haijafutwa. Nikasema, sitaki kulaaniwa na mchele mkononi. Nitabonyeza kesho." Akaiweka simu juu ya kile kiti. "Labda niende peke yangu."

Na kaburi liko pale, udongo bado haujakaa sawa, linangoja mtu mmoja.

Haya, mimi nimefika mwisho wa ninachokijua, na mzee wa kuulizwa hayupo. Semeni nyinyi mliosikia: aliyejibu kabla ya wakati, aliyetoa njia msibani, aliyefuta kwa kufuata sheria, au aliyeogopa kubonyeza. Je, nani alistahili kusimama kaburini?